Mkono una nguvu ila mama anadondosha vitu, inakuwaje?

Binti_Marangu:
Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa. Mama alipata stroki mwaka jana, tunamshukuru Mungu anatembea na anaongea vizuri, tuko nae hapa Moshi. Shida ni mkono wa kulia. Nguvu zipo kabisa, mkisalimiana anakubana mpaka unasikia, ila mpe kikombe cha chai halafu mgeni aanze kumpigisha stori, muda si mrefu kikombe kiko chini. Akikiangalia hakidondoki. Na akikishika anakikamua mpaka kucha zinakuwa nyeupe. Juzi kaepua sufuria, kaungua, hakujua mpaka alipoona lengelenge. Daktari anasema sehemu ya mwendo kwenye ubongo haikuguswa sana, iliyopigwa ni ya hisia. Sasa kama sehemu inayoamrisha mkono ni nzima, mbona mkono hautii? Ndugu wanasema anadeka na kwa kweli inaniuma.

Fizio_Njiro:
Pole sana dada, na mama mpe pole. Hadeki, waambie hivyo ndugu. Tangu mwaka 1870 Fritsch na Hitzig kule Ujerumani walipogusisha umeme kwenye ubongo wa mbwa na miguu ikacheza, watu wengi tumebaki tunaamini kwamba hiyo sehemu ya mwendo, kitaalamu koteksi ya mwendo (koteksi ni gamba la juu la ubongo), kazi yake ni kutoa amri tu, msuli unatii, basi. Inaamrisha kweli, ila inaamrisha huku inasikiliza. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani, kwenye kano kuna vingine vinapima mzigo, ngozi ya vidole inapima mgandamizo na kuteleza, taarifa zote hizo zinapanda kwa uti wa mgongo mpaka koteksi ya hisia ambayo imepakana kabisa na ile ya mwendo, wanapeana habari muda wote. Kikombe kikianza kuteleza kidogo tu vidole vinaongeza kukaza ndani ya kama milisekunde 70, yani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, wewe mwenyewe hata hujashtuka.

Kwa mama hiyo ripoti haifiki vizuri. Ndo maana anakaza kupita kiasi, ubongo unajihami kwa sababu haujui kiasi gani kinatosha, na mkono ukianza kulegea hakuna cha kuushtua. Macho yanamsaidia lakini macho ni ya polepole kuliko vidole, na akigeukia mgeni hata hayo hana.

Chalii_Sombetini:
Mkuu hapo nikuulize, hivyo vidole kujikaza vyenyewe si ndo refleksi, yani mwili kujibu bila wewe kuamua? Sisi shule tulifundishwa refleksi inaishia kwenye uti wa mgongo, ubongo hauhusiki. Iweje tena?

Fizio_Njiro:
Swali zuri mdogo wangu. Mkono ukisukumwa ghafla msuli unajibu mara mbili. La kwanza linakuja kama milisekunde 25 hadi 50, hilo ni la uti wa mgongo. La pili kati ya 50 na 100, na hilo limeshapitia ubongoni, koteksi ya mwendo ikiwemo. Mwaka 1956 mtafiti mmoja, Hammond, aliwaambia watu kabla hajawavuta mkono, wengine kaza, wengine achia, jibu la kwanza halikujali sana alichosema, la pili likabadilika. Yani nia yako imeshaingia humo kabla hujapata muda wa kuamua lolote! Mimi hili jambo linanifurahisha sana. Baadae watafiti Todorov na Jordan, 2002, wakaliweka kwenye hesabu, kwamba ubongo haurekebishi kila mkono unapoyumba, unarekebisha pale panapoharibu lengo tu.

Fundi_Mbuyuni:
Binti yangu nisalimie mama. Mimi sukari imenitia ganzi vidole vya mikono, na nashona. Zamani napiga stori na wateja huku kitambaa kinajiendea chenyewe chini ya sindano, siku hizi nikishona pindo macho hayatoki hapo, nikiangalia pembeni tu mshono umeshaenda upande. Nguvu ninazo zote. Anayesema mama anadeka hajui hii hali.

Binti_Marangu:
Shikamoo fundi, asante, nimewasomea ndugu yote haya. Fizio, kuna matumaini lakini?

Fizio_Njiro:
Yapo. Kuna Mwingereza Ian Waterman, mwaka 1971 akiwa na miaka 19 aliugua akapoteza hisia za mguso na za mkao wa viungo kuanzia shingoni kushuka chini, misuli ikiwa mizima. Alijifunza upya kukaa, kutembea, kula, yote kwa macho na kufikiria kila hatua, taa ikizimika anaanguka. Mama hayuko pabaya hivyo, na ubongo baada ya stroki unaweza kujifunza tena. Chukua mfuko wa kitambaa, weka maharage, kijiko, kitufe, funguo, aingize mkono wa kulia apapase aseme ni nini bila kuangalia, halafu atoe aangalie. Kila siku kidogo kidogo, na mwonyeshe fizio wenu (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) hapo Moshi akupangie mengine. Kikombe kiwe cha plastiki na chai isiwe ya moto. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono wa kushoto, na sufuria aepue mtu mwingine kwa sasa.