Naomba ushauri: nianzie wapi katika sayansi ya mitandao na mifumo changamano?

Ndugu wanajamii, mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijisomea sayansi ya mitandao (si intaneti tu, bali elimu ya vitu vyovyote vilivyounganishwa, vikichorwa kama nukta na mistari) nyakati za jioni. Nilianza na mwanahisabati Euler, ambaye mwaka 1736 alithibitisha kwamba mtu hawezi kuyavuka madaraja 7 ya mji wa Königsberg kila moja mara moja tu, kwa sababu maeneo yote 4 ya nchi kavu yaliguswa na idadi witiri ya madaraja. Nikafika kwa watafiti Watts na Strogatz, walioonyesha mwaka 1998 kwamba njia chache za mkato zinatosha kuzisogeza karibu pembe za mtandao mkubwa. Uzuri wa jambo hili umenishika kwelikweli.

Nimekwama kwenye mfano wangu mwenyewe. Nimechora njia za daladala za Dar es Salaam kwenye karatasi ya manila, kila kituo kikiwa nukta. Nikiunganisha vituo vinavyofuatana tu, Ubungo na Kariakoo zinatenganishwa na nukta nyingi. Nikiunganisha vituo vyote vinavyofikika bila kubadili gari, zinakuwa jirani, na Kariakoo inajaa mistari hadi jina lake halisomeki. Je, mchoro upi unafaa kuchunguza jinsi foleni inavyosambaa? Naegemea ule wa kwanza, kwa kuwa foleni husogea barabara kwa barabara.

Tena, nitangulize matriki (majedwali ya namba), ambazo nimezisahau kiasi, au nadharia ya uwezekano? Waliopitia njia hii naomba wanielekeze.