Mama ana kisukari na fizi zinatoa damu: tusubiri sukari ishuke ndipo atibiwe?

Binti_Mkubwa:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) ya mwisho imesoma asilimia 9.2. Fizi zimevimba, akipiga mswaki damu inatoka, na meno ya mbele ya chini yameanza kulegea. Daktari wa meno anataka amsafishe kwa kina hadi chini ya fizi. Nyumbani tumegawanyika. Wengine wanasema asiguswe mpaka sukari ishuke, la sivyo kidonda hakitapona. Mimi naogopa kungoja, maana dawa anameza vizuri na bado sukari imegoma. Tufanyeje?

Kaka_Mpole:
Pole dada. Mimi ningengoja. Mjomba aling'olewa jino sukari ikiwa juu, kidonda kikatunga usaha na kikachelewa sana kupona.

Tabibu_Kinywa:
Kaka, kung'oa ni jambo moja na kusafisha ni lingine. Kusafisha hakuachi shimo kwenye taya, kunaondoa ukoga uliogandamana kwenye mizizi ya jino.

Dada, fizi ikiachia jino inafanya mfuko. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kuanzia 4 na damu juu yake, hapo pana ugonjwa. Bakteria wanajificha humo, mswaki hauwafikii, na mwili unapambana nao usiku na mchana. Kemikali za uvimbe zinazozalishwa humo, kama TNF-alfa na IL-6, zinaingia kwenye damu na kuifanya insulini ishindwe kufanya kazi sawasawa. Sukari inapanda. Nayo sukari ikikaa juu, fizi zinazidi kuharibika na kupona kunakuwa kugumu. Kwa hiyo mkisema mnasubiri sukari ishuke kwanza, huenda mnasubiri kitu ambacho fizi zenyewe zinakizuia.

Ila kama ana kiu isiyokata, anakojoa mara kwa mara, anatapika au amelegea, hospitali kwanza siku hiyohiyo. Fizi zitafuata.

Hesabu_Kwanza:
Nakubaliana kwamba atibiwe, lakini tusimpe dada matumaini makubwa mno. Jaribio la Marekani la 2013 lilikuwa na watu 514, na baada ya miezi 6 HbA1c haikushuka kwa waliosafishwa.

Tabibu_Kinywa:
Ni kweli, na lilikosolewa kwa sababu wengi walibaki na ukoga na fizi zinazotoa damu hata baada ya tiba. Jaribio la London la 2018 lilitumia tiba nzito zaidi kwa watu 264. Baada ya miezi 12 waliotibiwa hivyo walikuwa chini kwa pointi 0.6 kuliko wenzao. Mapitio ya 2022 ya Cochrane (shirika linalojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba) yalikusanya majaribio 35, wastani ukawa kushuka pointi 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Kwa mama, 9.2 haitageuka 6 kwa kusafisha fizi tu. Dawa za sukari ziendelee kama alivyoandikiwa.

Mama_Wawili:
Mimi nina kisukari na nimesafishwa. Mwambie mama asiende na njaa: ale, ameze dawa zake kama kawaida, na aombe miadi ya asubuhi. Atachomwa ganzi. Baadaye uvimbe ukiisha fizi zinanywea, meno yanaonekana marefu na yanaingiwa na ubaridi. Mimi niliogopa sana hapo kwa kuwa hakuna aliyeniambia mapema. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ni ya muda mfupi tu, inatia meno rangi ya kahawia. Na aulize kuhusu vijiburashi vya kusafishia katikati ya meno.

Binti_Mkubwa:
Asanteni sana, nimeshachukua miadi. Mama ana presha pia, anatumia amlodipini. Ina shida?

Tabibu_Kinywa:
Mtajie daktari wa meno dawa zake zote, hiyo hasa. Kwa baadhi ya watu amlodipini inafanya fizi zinenepe na kufunika meno. Asiiache mwenyewe, daktari wa presha ndiye atakayeamua kama ibadilishwe. Miezi mitatu baada ya kusafishwa mifuko ipimwe upya, na HbA1c irudiwe wakati huohuo, kwa sababu inaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Mkipima baada ya wiki mbili tu, sehemu kubwa ya mtakachoona itakuwa sukari ya kabla ya tiba.