Kushoto kwa nani? Mjadala: tugeuze chaneli za kanda zetu za ngoma au tuziache?

Fundi Kanda, Dodoma mjini

Mbukwenyi wadau. Naleta hoja iliyotugawa mafundi wa sauti hapa Dodoma. Tunapohamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, tukahisi kwamba chaneli mbili za stirio, yaani sauti ya sikio la kushoto na ya sikio la kulia, zimepishana, tuzigeuze au tuziache? Wenzangu wengi wanasema geuza, ni kubofya mara moja tu. Mimi nasema usiguse mpaka upate ushahidi. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kugeuza, nikakosea.

Mteja mmoja wa upande wa Chamwino aliniletea kanda nne za muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, zilizorekodiwa kwa maikrofoni mbili. Anayeijua muheme anajua ilivyo: akina mama wamebana ngoma mapajani, ngoma kubwa inaongoza, ndogo zinaitikia. Kwenye hedifoni ngoma kubwa ilikuwa sikio la kushoto. Mteja alikuja na bibi yake, ambaye siku ile alikuwa mmoja wa wapigaji. Nikamvisha hedifoni. Akasikiliza kama dakika mbili amefumba macho, kiganja kinagonga paja taratibu kufuata mdundo. Akavua, akaniambia: "Mjukuu wangu, hii umeigeuza. Mwenye ngoma kubwa alikuwa mkono wangu wa kulia. Mbona namsikia huku?" Akagusa sikio la kushoto.

Sikubisha. Utambishia vipi mtu aliyekuwepo? Nikafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikabadilisha chaneli, nikahifadhi, nikawapa faili zao. Siku tatu baadaye nikiwa naosha vyombo ndipo likanijia: bibi alikuwa amewaelekea watu, na maikrofoni zilikuwa mbele yake zikimtazama. Kulia kwake ndiko kushoto kwa maikrofoni. Kanda ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na bibi naye alisema kweli tupu.

Kushoto kwa stirio ni kushoto kwa msikilizaji. Alan Blumlein, mhandisi wa Uingereza aliyeomba hataza ya stirio mwaka 1931, alikuwa na sinema akilini: mwigizaji akivuka pazia, sauti yake imfuate. Kila kitu kilipimwa kutoka kwenye kiti cha mtazamaji. Sasa ngoma ya kijijini kiti hicho kiko wapi? Watu wamezunguka pande zote, watoto wamekaa chini mbele, wazee wako chini ya mti. Aliyeweka maikrofoni ndiye aliyechagua kushoto ni wapi. Mimi na kipanya changu tunapata wapi haki ya kumkosoa bila kumuuliza?

Kosa la waya ni jambo jingine kabisa. Plagi nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Fundi akizipishanisha kati ya deki inayocheza kanda na kompyuta, kosa ni lake na lazima alirekebishe. Kabla sijaanza kazi huwa nachomoa plagi iliyo kwenye tundu la kushoto la deki: mshale unaopima sauti ya kushoto kwenye kompyuta usipolala, najua nimekosea mimi, si kanda.

Karibuni.

Mwanakwaya wa Kikuyu

Fundi, nakuheshimu, ila kwa kwaya sikubaliani nawe. Kwaya ina mpangilio. Sisi soprano tunasimama kushoto ukitutazama, besi kulia, na hatujawahi kubadilisha. Nina kanda yetu ambayo besi zinatokea kushoto. Hapo unataka ushahidi gani tena? Vijana wetu wanajifunza sauti kwa hedifoni, sikio moja moja. Ukimwambia kijana "sauti yako iko kulia" akakuta soprano, umempotezea jioni nzima. Geuza, tuendelee.

Mdau wa Kibaigwa

Wakuu, kwa heshima zote, mnagombania nini? Huku watu wanasikiliza kwa simu yenye spika moja au redio ya sokoni. Kushoto ukijumlisha na kulia, au kulia na kushoto, jibu ni lile lile. Wasikilizaji wengi hawatajua kamwe. Hela na muda vitumike kuokoa kanda zinazoota ukungu.

Fundi Kanda

Kaka wa Kibaigwa, kwenye hesabu uko sahihi, na la ukungu nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini nakuomba uangalie usichanganye mambo mawili. Chaneli kupishana hakuharibu kitu kwenye spika moja. Chaneli moja kupinduliwa mawimbi, yaani nyaya zake mbili kuunganishwa kinyume, kunaharibu sana. Kila kilicho katikati ya rekodi kinajifuta chenyewe kwenye spika moja, na mara nyingi kilicho katikati ni sauti ya mwimbaji kiongozi. Nimesikia wimbo wa zeze namna hiyo: waitikiaji wako mbali pembeni, mwimbaji mwenyewe hayupo. Hilo msikilizaji wa redio ya sokoni atalijua. Basi anayefungua faili kuangalia chaneli aangalie na hili.

Dada wa Kikuyu, kanda yako ina ushahidi: mpangilio mnaufahamu, na mashahidi ni ninyi wenyewe. Hiyo nitaigeuza hata leo. Niambie tu, siku ile maikrofoni zilikuwa mbele yenu, upande wa waumini? Au zilikuwa nyuma, upande wa madhabahu?

Mwanakwaya wa Kikuyu

Hapo umenibana. Nitamuuliza mwalimu wetu wa zamani.

Mtunza Kumbukumbu

Naomba niongeze. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kina mwongozo kwamba nakala ya kuhifadhi isirekebishwe kwa kukisia. Marekebisho yanafanywa kwenye nakala ya kusikiliza. Kwangu huo ndio ufumbuzi: faili mama ibaki kama kanda ilivyotoa, kisha iwepo ya pili iliyogeuzwa, na karatasi inayosema nani aligeuza, lini na kwa nini. Ugomvi mwingi tulio nao unatokana na kukosa hiyo karatasi.

Mdau wa Kibaigwa

Na diski ananunua nani? Kwa kiwango cha kurekodi wanachopendekeza hao IASA, yaani sauti kupimwa mara 96,000 kwa sekunde kwa biti 24, kanda ya saa moja inakula takriban GB 2. Kanda mia mbili ni GB 400, na ukirudia mara mbili ni 800. Kikundi cha akina mama cha kijijini hakina hela hiyo.

Mtunza Kumbukumbu

Ya pili iwe MP3, haitafika hata sehemu ya kumi. Ila mgeuze kwanza kwenye WAV, yaani faili kubwa isiyobanwa, ndipo mtengeneze MP3. Kugeuza WAV hakupotezi hata chembe, unaweza kurudisha kesho. MP3 ukiifungua, ukaigeuza na kuihifadhi upya kama MP3, kila safari unapunguza kitu.

Fundi Kanda

Nakubaliana na Mtunza kwa sehemu kubwa. Ninachosisitiza ni nani anaandika ile karatasi. Nisiandike mimi peke yangu kibandani.

Nimempigia mteja wangu wa Chamwino, nimemweleza kosa langu na kumwomba radhi. Jumamosi nakwenda kwao. Bibi yuko tayari, na mwenye ngoma kubwa naye bado yuko hai, anakaa nyumba ya pili. Nitawaomba wasimame kama siku ile, nami nisimame palipokuwa na maikrofoni, tupige picha moja. Picha itaingia kwenye folda pamoja na kanda nne, na chaneli nitazirudisha zilivyokuwa. Bibi ameuliza kama aje na ngoma yake. Nimemwambia aje nayo.