Kerevani ya kuvuta au gari yenye jiko ndani? Nataka kubadilisha kabla ya Mwaka Kogwa

Kipupwe_Paje
Assalaam alaykum wakwetu. Mimi na mama watoto tuna kerevani ya kuvuta, kile kijumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari, mwaka wa tatu huu. Tunauza urojo, bajia, katlesi na juisi, na siku za sikukuu tunalala humo humo. Nimechoka nayo. Kufunga, kufungua, kurudi kinyumenyume mpaka shingo inauma. Sasa kuna gari imeshuka bandarini, jiko na kitanda vyote ndani, unawasha unakwenda zako. Mwenyewe anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nibadilishe au nibaki na yangu? Mwaka Kogwa nataka niwe Makunduchi na kitu kipya.

Spana14
Waalaykumu salaam. Gari gani? Ya mwaka gani, petroli au dizeli? Hiyo kerevani ina kilo ngapi na inavutwa na nini? Au tupige ramli?

Mama_Katlesi
Na mnalala humo siku ngapi kwa mwezi? Usitutupie neno "sikukuu" ukatuachia. Anayesimama Maisara kila jioni akarudi kwake, na anayezunguka shamba wiki nzima, hao hawawezi kununua gari moja.

Kipupwe_Paje
Samahani, niliandika kwa haraka. Kerevani imetoka Uholanzi, futi 14, kibati chake kimeandikwa kilo 1,100. Naivuta kwa Hilux ya shemegi. Kulala labda siku sita saba kwa mwezi, Paje na Nungwi. Gari ya bandarini ni Hiace ya paa refu. Mwaka sikuangalia. Ina pazia nzuri sana.

Spana14
Pazia! Yakhe, watu wanaangalia chasisi, wewe umeangalia pazia.

Sikiliza. Kilo 1,100 za kwenye kibati kwa kawaida ndio mwisho pamoja na mzigo, si kerevani tupu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Weka madumu kumi. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukiongeza chuma chake, unafika kilo 30 hivi, na naamini unabeba miwili. Friza, jenereta, gunia la mbatata, sufuria za mama watoto. Umeshapita zamani. Ndiyo maana ikicheza mkia unaona kuvuta ni adhabu. Mzigo mzito unakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe si nyuma. Jaribu hilo kwanza, halina gharama.

Bristol_Unguja
Kaka, swali moja tu: mlango na dirisha la kuuzia viko upande gani?

Kipupwe_Paje
Kulia.

Bristol_Unguja
Nilijua. Kerevani za Uholanzi na Ujerumani mlango uko kulia kwa sababu kule wanaendesha kulia, kwa hiyo unashukia upande wa majani. Kwetu tunaendesha kushoto, ukiegesha ukingoni mteja wako anasimama barabarani na bakuli mkononi. Za huku Uingereza mlango uko kushoto, sawa na kwetu.

Jambo la pili, kabla hujaamua kuuza: bonyeza ukuta kwa kidole gumba, chini ya madirisha na pembeni kabisa. Kerevani nyingi za zamani zina fremu ya mbao ndani ya ukuta, na mvua ikishapenya kwenye kiungo inakaa humo haitoki. Ukuta ukibonyea kama boflo lililochovywa kwenye chai, basi masika imeshaimaliza na wewe unavuta maiti.

Kipupwe_Paje
Loo! Kumbe ndiyo maana kila siku Paje naegesha nimeelekea nilikotoka na madereva wa daladala za 309 wananipigia honi. Ukuta nitabonyeza kesho asubuhi. Naogopa kidogo.

MtuWaKonde
Nyie wa Unguja mna barabara tambarare halafu mnalalamika. Njooni Pemba mvute tela kwenye milima ya Mkoani.

Mimi nilikuwa na tela la friza mbili, barafu za ukwaju na za maziwa. Limetoka Marekani. Pikapu yangu ikafa injini, nikaazima ya jirani. Lile tufe lake la chuma la kufungia tela lilikuwa la milimita 50, na tela langu mdomo wake wa inchi mbili, yaani milimita 50.8. Nani anajua hayo? Fundi akapiga nyundo, akatikisa, akasema "yakaa hiyo". Mnyororo wa usalama ulikuwa umeoza kwa kutu, tukafunga kamba ya manila.

Tumeshuka mpaka karibu na Mtambile, msimu wa karafuu, pembezoni majamvi yametandikwa kote. Nikaruka tuta dogo. Nikasikia "ta!" kisha gari ikawa nyepesi, tena nzuri. Nikafurahi! Naangalia kioo cha pembeni, naona tela langu lanipita. Lanipita kabisa, kwa adabu, kama lina haraka ya msiba. Likakata kushoto, likapanda juu ya majamvi mawili ya karafuu zilizokwisha kauka, za kupelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, likaegemea mkungu. Friza moja ikafunguka. Watoto walitoka sijui wapi, ndani ya dakika mbili barafu zote zimekwisha.

Mwenye karafuu ni bibi mmoja mtu mzima. Hakupiga kelele. Alikaa chini akaanza kuokota vipande vya barafu kwenye karafuu, kimoja kimoja, asinitazame. Afadhali angenitukana. Akahesabu pishi zilizoharibika, nikalipa. Tela nikaliuza palepale na friza zake. Sasa nina gari moja, kila kitu ndani, na nalala usingizi.

Kirikuu_Tu
Pole sana, lakini hapo kosa ni la tufe. Kwanza nyote mnajisumbua. Suzuki Carry moja, meza ya kukunja, mwavuli, jiko la mkaa. Kulala unarudi nyumbani. Nungwi hadi mjini ni karibu kilomita 60, si safari ya Hija.

Mama_Katlesi
Wewe unauza mishikaki, mkaa unakutosha. Urojo una ukwaju, unga, bajia, mbatata, chatne, kachori, vyote vinataka mahali pake. Nami nasema abaki na kerevani, kwa sababu moja hamjaisema. Saa kumi jioni ndimu zimekwisha. Mwenye kerevani anafungua pikapu, anakwenda sokoni, mkewe anaendelea kuuza. Mwenye gari la jiko ndani afanyeje? Aende na sufuria ya urojo inachemka?

Spana14
Na gari ikilala gereji, duka limelala gereji. Kerevani unaazima gari nyingine (upime tufe!) unaendelea.

MtuWaKonde
Ndimu unatuma bodaboda. Mnafanya kama mtu hana watoto wa kutuma.

Bristol_Unguja
Ukinunua Hiace hiyo, angalia gesi kabla ya pazia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na kutulia huko, na nyie mnalala karibu na sakafu. Lazima kuwe na tundu chini kabisa, kwenye sakafu, si dirisha tu. Mafundi wengi wa kuunda magari haya wanatoboa juu wakaridhika. Na friji kama ni ile ya kuwaka kwa gesi, joto la mchana la kwetu linaishinda. Tia ya kompresa, betri na sola.

Kirikuu_Tu
Kachori ndani ya urojo nani kakwambia Mama? Tangu lini?

Mama_Katlesi
Tangu kabla hujazaliwa. Bila kachori hiyo ni supu.

MtuWaKonde
Pemba tunatia muhogo wa kukaanga juu, na hakuna anayelalamika.

Kirikuu_Tu
Muhogo sawa, huo wa chipsi. Kachori hapana.

Spana14
Jamani mtu ana hadi Ijumaa.

Kipupwe_Paje
Nimerudi. Ukuta nimebonyeza. Upande wa kulia ni mgumu kama jiwe, upande wa kushoto nyuma, chini ya dirisha, kidole kimeingia mpaka kwenye kucha. Mama watoto amesema tuzibe tuendelee, mimi moyo umeingia ubaridi. Hiace nayo nimekwenda kuiangalia: ya 2004, dizeli, chini kuna kutu mpya iliyopakwa rangi nyeusi juu. Tundu la gesi liko juu. Mwenyewe nilipomuuliza akanionyesha pazia.

Spana14
Umeona.

Mama_Katlesi
Fundi seremala wa majahazi anaweza kukutolea ile mbao na kutia mpya. Wale wanajua maji yanapita wapi kuliko fundi yeyote wa gari.

Kirikuu_Tu
Kerevani unauza bei gani? Kuna jamaa Fuoni anataka ya kufanya banda la kuku.

Kipupwe_Paje
Sijasema nauza.