Tupeane uzoefu: mradi wa watoto uliokugomea, na nani aliyeukwamua

Chaki Kuukuu

Wakuu, habari za saa hizi.

Nafundisha sayansi watoto wa miaka 10 hadi 13, na kwa muda mrefu sasa karibu nusu ya vipindi vyangu ni miradi: watoto wanatengeneza kitu, kitu kinagoma, tunahangaika nacho. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoshwa na picha. Kila mwalimu wa miradi ninayemfahamu ana picha ya roboti inayotembea na mtoto anayecheka meno yote nje. Hakuna mwenye picha ya saa mbili za kabla ya hapo, meza imejaa waya, mmoja kanuna, mwingine keshahamia dirishani. Mimi naona somo lilikuwa kwenye zile saa mbili. Kwa hiyo tuleteane kilichokwama: watoto wa umri gani, kiligomea wapi, nani alikigundua. Zile za "watoto walifurahi sana" ziwekeni akiba.

Naanza na langu. Tulitengeneza chombo cha kumwagilia mche bila mtu: kihisi cha unyevu kimechomekwa udongoni, kibao cha Arduino (kompyuta ndogo unayoiandikia amri), na pampu ndogo. Udongo ukikauka, pampu iwake, ukilowa, izime. Wiki ya kwanza mambo safi. Wiki ya tatu vikundi vyote vitano vinasoma kwenye skrini kwamba udongo ni mkavu, ilhali ukiubana kwa vidole unachuruzika. Pampu hazinyamazi. Mche wa kikundi cha nne ulikuwa unaogelea.

Mimi nikakimbilia kodi, yaani zile amri zilizoandikwa kwenye kibao. Jioni nzima nasoma mstari kwa mstari, nabadilisha namba, napakia upya, wapi. Kesho yake mtoto mmoja, asiyependa hata kusogelea kibodi, akachomoa kihisi, akakifuta kwa shati, akakiinua kwenye mwanga. "Mwalimu, hiki kimeliwa." Nikakichukua. Kihisi chenyewe ni cha meno mawili yaliyopakwa utando mwembamba wa shaba. Jino moja zima, la pili limebaki vipande, pembeni lina ukoko wa kijani.

Tulikuwa tumekiacha kwenye umeme usiku na mchana. Mkondo unapita kutoka jino hadi jino kupitia maji ya udongo yenye chumvichumvi, na jino la upande chanya linayeyuka kidogokidogo. Shaba ikipungua, umeme unapita kwa shida, na kibao kinadhani udongo umekauka. Elektrolisisi hiyo, mada ambayo hao watoto walikuwa wakutane nayo miaka kadhaa mbele, tena kwenye mchoro wa bika na vijiti viwili.

Suluhisho nalo halikuwa langu. Mtoto yuleyule akauliza, "Kwani mche unakunywa kila sekunde? Kwa nini tunauuliza kila sekunde?" Tukahamisha waya wa kihisi kutoka kwenye umeme wa kudumu hadi kwenye pini inayowashwa na kodi: iwake sekunde moja, isome, izime, irudi baada ya saa nzima. Vihisi vipya vikadumu muhula mzima.

Haya, karibuni.

Fundi Koili

Naweka kambi hapa. Mkuu, hukutaja kibao kujizima. Pampu na kibao ulivilisha betri moja?

Chaki Kuukuu

Hahaha, umenikumbusha maumivu. Ndiyo, betri moja. Kila pampu ikiwaka, kibao kinaanza upya, pampu inazima, kibao kinaamka, kinawasha pampu tena. Tak, tak, tak. Watoto wakakipa jina: "kibao kinazimia kwa njaa."

Fundi Koili

Na hawakukosea. Mota inapoanza kuzunguka inavuta mkondo mwingi kwa mpigo mmoja, volti zinaporomoka, kibao kinakata roho. Ipe pampu betri yake, pitisha kwenye transista au rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme), halafu unganisha hasi za betri zote mbili. Hapo kwenye hasi ndipo wengi wanapoteleza: wanatenganisha betri, wanasahau hasi, kisha wanashangaa pampu haisikii amri. Mimi watoto wangu siwaambii. Nawapa maltimita, kile kipimo cha umeme, wapime volti za kibao wakati pampu inawaka. Wakiona sindano inadondoka kwa macho yao, mjadala umekwisha. Nasema sindano kwa sababu natumia mita za kizamani; namba za kidijitali zinarukaruka, mtoto haoni anguko.

Mama Watatu

Mimi si mwalimu, ni mzazi, naungama dhambi. Kijana wangu (miaka 11) alipewa mradi wa daraja la vijiti, libebe vitabu. Nilianza kwa "ngoja nikushikie". Saa nne usiku yeye amelala, mimi nabandika gundi. Daraja likawa la kwanza darasani. Mwalimu akamwita mbele, akaweka kidole kwenye kijiti cha mshazari, akamuuliza kazi yake nini. Mtoto akasema, "Ni pambo."

Sikulala. Wikendi nikamwambia tujenge upya, mama anakaa kwenye mikono yake. Kweli nilikaa juu ya mikono, makalio yalinifia ganzi. Akajenga miraba mitupu, vitabu vitatu, daraja likalala ubavu kama mlevi. Akalisimamisha, likalala. Akalisukuma kwa kidole kwenda na kurudi dakika nyingi sana, mimi nimeng'ata ulimi. Mwishowe akachukua kijiti akakikingamisha kona hadi kona kwa mkono, bila gundi, akasukuma tena. Haliendi. Akanitazama kwa jicho la "kumbe ulikuwa unajua?"

Walimu, naomba kwa hisani yenu: miradi ya kutengeneza ifanyieni shuleni. Mkitutumia nyumbani mnatujaribu.

Mzee wa Pembe

Mama Watatu, "pambo" limeniua.

Mimi ni hesabati. Wakongwe mtakumbuka Logo, ile lugha ya kompyuta yenye kobe anayechora njia anayopita. Seymour Papert na wenzake waliianza mwaka 1967 huko Marekani, kwa ajili ya watoto kabisa. Siku hizi wengi wanatumia Scratch, iliyotoka 2007 katika maabara ya MIT, chuo kikuu hukohuko Marekani, ambako Papert mwenyewe alifundisha; humo paka amechukua kazi ya kobe.

Kazi yangu ya kwanza kila mwaka ni moja: mchoree pembetatu yenye pande sawa. Watoto wa miaka 12. Wote wanajua kila pembe ni nyuzi 60, wameimba tangu zamani. Wanaandika: mbele 100, geuka 60, mara tatu. Kobe anachora kitu kama bakuli lililopinduliwa, halifungi. Wanafuta, wanaandika upya vilevile, kana kwamba kobe alisikia vibaya.

Mwaka jana sikusema kitu, nikawapa chaki waende sakafuni. Mmoja awe kobe, mwingine atoe amri. Kobe akatembea hatua tano, akaambiwa geuka 60. Akageuka kidogo tu. Aliyetoa amri akapiga kelele, "Bado! Bado! Zidisha! Hapo!" Kisha akajishika mdomo. Binti mmoja pembeni akapima alivyogeuka: karibu 120. Wakabishana hadi mmoja akasema maneno ambayo nimeyaandika ukutani: "Sitini iko ndani ya pembetatu, lakini kobe yuko nje." Hapo ndipo pembe ya nje ilipozaliwa darasani kwangu. Kwa miaka nilikuwa naifundisha kwa mchoro na nyota nyekundu.

Papert aliliona hili mapema: mtoto akiweza kuwaza kwa mwili wake mwenyewe, ameshapata pa kusimama. Na kosa kwenye programu halisemi "umekosa, kaa chini". Linasema tafuta palipoharibika.

Ubao Mweusi

Naomba kuharibu sherehe.

Nimefundisha miaka 27. Nimeona miradi mingi kuliko nywele zangu, ambazo si nyingi. Hamsemi ukweli kwamba mradi unakula wiki nne kwa kitu cha kipindi kimoja, na katika kikundi cha watoto sita anafanya mmoja, wawili wanashika mkasi, waliobaki ni abiria. Msiniambie ni hofu ya mambo mapya, maana William Heard Kilpatrick, msomi wa elimu wa Marekani, aliandika kuhusu ufundishaji wa miradi mwaka 1918. Mambo mapya gani ya miaka zaidi ya 100?

Nami nilete langu. Volkano. Udongo wa mfinyanzi, siki, magadi soda, rangi nyekundu. Povu likamwagika, mkuu wa shule akapiga makofi. Baada ya mwezi nikauliza kwenye jaribio: kwa nini volkano hulipuka? Watoto tisa waliandika kwamba chini ya mlima kuna siki. TISA. Kabla ya mradi hawakujua kitu. Baada ya mradi walijua uongo, na waliujua vizuri mno kwa sababu waliuona kwa macho.

Chaki Kuukuu

Ubao, hujaharibu, umeongeza kuni. Hiyo ya siki naichukua.

Tena John Dewey mwenyewe, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani ambaye watu wa miradi tunamshika kama nguzo, aliandika mwaka 1938 kwamba si kila uzoefu unaelimisha, mwingine unapotosha. Ila linganisha volkano yako na jambo la shule yake ya majaribio pale Chicago, iliyofunguliwa 1896. Watoto walipewa pamba mbichi wachambue nyuzi kutoka kwenye mbegu kwa vidole. Nusu saa ya kuchambua, wakapata chini ya aunsi moja, yaani haifiki gramu 30. Vidole vyenyewe vikawajibu kwa nini watu wa zamani waliokuwa na kondoo walivaa sufu muda mrefu kabla pamba haijashika.

Hapo hakuna kilichoigizwa, pamba ni pamba na vidole ni vidole. Volkano ya siki ni sanamu, na tukiileta kama mradi tunafundisha sanamu. Siku hizi najiuliza kabla ya mradi wowote: kitu hiki kikikataa, kitakataa kwa sababu ileile inayokifanya kikatae huko duniani? Kama hapana, nachukua chaki.

La abiria sina jibu zuri. Wengine?

Binti Maabara

Nilikuwa abiria. Shule nzima, kila mradi, mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri. Wavulana wanashika waya, mimi naandika ripoti. Nilimaliza na alama za juu za kompyuta bila kuwahi kubonyeza "endesha".

Sasa nafundisha, na kwangu sheria ni mbili. Wawili kwa mashine moja, si sita. Aliye kwenye kibodi haruhusiwi kuamua, anaandika anachoambiwa tu. Anayeamua haruhusiwi kugusa. Kila dakika 15 wanabadilishana. Mwanzoni ni vita, wale wajuaji mikono inawawasha. Mmoja aliikunja kwapani kama kuku.

Ya pili: alama sitoi kwa kitu kilichotengenezwa. Mtoto anakuja peke yake na kifaa chao. Namgeuzia mgongo, nachomoa waya mmoja, au nabadilisha namba moja kwenye kodi, namrudishia. Tafuta. Dakika tatu. Siangalii sana kama amepata, naangalia anaanzia wapi. Anayejua hugusa betri kwanza, anafuata njia ya umeme. Asiyejua huchomoa kila kitu.

Fundi Koili

Hiyo ya kuchomoa waya itafaa pia kwa hili la akili mnemba. Juzi mtoto kaniletea kodi nzuri kuliko yangu, ina maelezo kila mstari. Nikamuuliza kwa nini anasubiri milisekunde 50 baada ya kitufe. Akasema, "Ndivyo ilivyokuja." Kumbe ile subira ndiyo inayozuia kitufe kisisomeke mara tatu kwa mbonyezo mmoja. Nikaifuta mbele yake, nikamwambia bonyeza. Taa ikawaka na kuzima ovyo. Tuliondoka pale saa moja jioni, kodi ile karibu yote kaiandika upya.

Mama Watatu

Kwa hiyo kuna mzazi mwingine wa kukaa juu ya mikono yake. Huyo hana hata makalio.

Ubao Mweusi

Narudi. Leo nimeijaribu njia ya Binti Maabara, kwenye saketi za kawaida tu, betri, swichi na taa mbili. Sikuchomoa waya, niliweka taa iliyoungua.

Kijana niliyempa alama ya juu mwezi uliopita alikodolea macho dakika zote tatu, akaniambia nimemwonea. Aliyepata ni yule ninayemwita Usingizi. Hakugusa betri wala waya. Alibadilishana taa mbili mahali, akaona giza limehama na taa, akaninyooshea ile mbovu kiganjani. Sekunde 40 hivi. Kisha akarudi kulala, sijui kama nimkaripie.

Nimewafikia watoto wanne kwenye kipindi kimoja. Nina 38. Binti Maabara, hao 34 waliobaki unawafanyia lini?

Binti Maabara

Mapumziko, mwalimu wangu. Na huyo Usingizi mpe taa zilizoungua, awe anakupangia wewe mitego ya wenzake.

Ubao Mweusi

Nimpe Usingizi kabati la taa? Haya. Nitaleta mrejesho Ijumaa.