Klabu kongwe ya roki ikifanyiwa ukarabati, inabaki kuwa ile ile?

Mzee wa Santuri: Wadau, naleta hoja. Tuseme klabu ya roki imedumu miongo mitano kwenye jengo lile lile: dari fupi, kuta nyeusi, jukwaa la kimo cha goti. Sasa wenyewe wanakuja na mpango: jukwaa lihamie upande wa pili, dari linyanyuliwe, vyoo vijengwe upya, na juu kuwe na roshani ya watu wa heshima wenye meza zao. Mimi napinga. Tazameni klabu ya Cavern ya Liverpool, Uingereza. Ile iliyowapokea Beatles karibu mara 300 ilifungwa 1973 ikavunjwa, na ya leo ilijengwa 1984. Watalii wanapiga picha wakidhani wamesimama palepale. Ukishavunja, umevunja.

Nyuzi Sita: Mara 292, mkuu. Na ukisema ilivunjwa, taja na sababu: mradi wa reli ya chini ya ardhi ulitaka shimo la kupitishia hewa, na shimo lenyewe halikuchimbwa. Ukarabati hauhusiki hapo hata kidogo. Tena matofali mengi ya zamani yalitumika kwenye ujenzi mpya, mtaa ule ule wa Mathew Street.

Mzee wa Santuri: Matofali siyo klabu.

Besi Nzito: Naunga mkono mleta mada. Klabu ya CBGB kule New York vyoo vyake vilitisha, kuta zimejaa maandishi mpaka darini, na ndiyo iliyozilea bendi za Ramones, Blondie na Talking Heads. Mwaka 2013 makumbusho ya Metropolitan yalijenga nakala ya choo kile kwenye maonyesho ya mavazi ya punk, ile roki ya fujo. Choo, ndani ya makumbusho! Anayetaka vigae vinavyong'aa aende hotelini akasikilize piano.

Mpiga Dramu: Besi Nzito, hiyo ya hotelini umetuambia sisi wanawake wote tunaopiga muziki huu. Wewe unasimama ukutani dakika moja umemaliza. Mimi nimebadilisha nguo kwenye choo kisicho na komeo, mwenzangu kauzuia mlango kwa mguu huku kakumbatia mkoba wa matoazi, kila anayepita anausukuma. Taa imeungua, maji yamejaa sakafuni, viatu vya jukwaani nimevivaa shingoni kwa kamba zake. Na mtu anakuja kuniambia hiyo ndiyo roho ya roki?

Besi Nzito: Dada, sikukutaja. Nilikuwa nazungumzia historia. Mwimbaji Patti Smith alipiga CBGB miaka ya 70, na ndiye aliyeifunga usiku wa mwisho, Oktoba 2006. Choo hakikumzuia.

Mpiga Dramu: Na kiliwazuia wangapi? Hujui, kwa sababu hawakupanda jukwaani ukawaona. Usichukue mwanamke mmoja aliyefanikiwa ukamfanya fimbo ya kutuchapia wengine.

Besi Nzito: Fimbo tena? Basi tusiseme kitu.

Mlinzi wa Mlangoni: Mnagombania vyoo, mimi naogopa ngazi. Nimefanya kazi milangoni kwa muda mrefu. Klabu nyingi za zamani ziko chini ya ardhi, ngazi moja nyembamba, watu wanaingilia na kutokea hapo hapo. Kulikuwa na kijana wa kiti cha magurudumu, tunambeba wanne, kiti kimeinama, yeye kashikilia nguzo na macho kafumba. Alipenda muziki kuliko sisi wote. Siku moja akaacha kuja. Na moto je? Mnaikumbuka klabu ya The Station, Rhode Island, Marekani, Februari 2003? Fataki za bendi zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 wakafa, wengi wamesongamana mlango wa mbele. Mkisema "tusiguse kitu", mjue na hiyo imo.

Mzee wa Santuri: Nani kasema mlango wa dharura usiwekwe? Mnanilisha maneno. Mimi nilisema jukwaa na dari.

Fundi Mitambo: Haya, mzee, nakujibu jukwaa na dari, maana ndiyo kazi yangu. Dari fupi linafanya dramu zigonge kifuani, kweli. Lakini besi inarundikana kwenye kona. Anayesimama pale anasikia ngurumo tupu, anayesimama katikati haisikii kabisa. Kila wiki napunguza amplifaya za jukwaani na kila wiki mpiga gitaa anaipandisha yake nikigeuka. Ukinyanyua dari bila kutibu kuta unapata mwangwi, sauti ya mwimbaji inapotea. Ukihamisha jukwaa, angalia kwanza nyuma ya ukuta kuna nani. Kukiwa na chumba cha kulala cha mtu, umejitafutia kesi.

Nyuzi Sita: Hapo ndipo penye mada yenyewe. Mtu anajenga magorofa pembeni ya klabu iliyomtangulia miaka 30, kisha anashitaki kelele. Jimbo la Victoria, Australia, waliweka kanuni 2014: anayekuja baadaye ndiye agharamie kuzuia sauti. Uingereza nayo ikaiingiza kwenye mwongozo wa mipango miji 2018. Na CBGB haikuuawa na choo wala vigae, Besi Nzito. Iliuawa na kodi ya pango. Baadaye pale pakawa duka la nguo.

Besi Nzito: Asante kwa kunithibitishia kwamba choo hakikuwa tatizo.

Mpiga Dramu: Hukuthibitishiwa chochote. Pango lilimshinda mwenye klabu. Choo kilitushinda sisi.

Mzee wa Santuri: Ninachopinga hasa ni ile roshani ya meza. Klabu ya roki wote tunasimama sakafu moja, tunakanyagana, bendi inatuona usoni. Ukishawaweka wenye pesa juu wamekaa, chini panakuwa pa kutazamwa.

Nyuzi Sita: Hapo nakubaliana na wewe, mzee, lakini hesabu ilipwe na nani? 100 Club ya London ilikaribia kufungwa 2010. Ikaokolewa na udhamini wa kampuni ya viatu, na 2020 halmashauri ya Westminster ikaisamehe kodi yote ya biashara kwa jengo lile. Klabu ya The Tote ya Melbourne ilipotangazwa kuuzwa, mashabiki walichangishana dola milioni 3 za Australia mwaka 2023 kusaidia inunuliwe. Mwaka huo huo Music Venue Trust, shirika la hisani la Uingereza linalotetea kumbi ndogo za muziki, ilinunua jengo la The Snug, Atherton, ukumbi wake wa kwanza. Klabu yenye jengo lake haihitaji meza za juu. Aliyepanga akikarabati, mwenye nyumba anamshukuru kwa kupandisha kodi.

Mlinzi wa Mlangoni: Basi mkataba wa pango usainiwe kwanza, wa miaka mingi, kabla nyundo haijagusa ukuta.

Fundi Mitambo: Na kuta zitibiwe kwa vifaa visivyoshika moto. Hilo halisubiri mkataba.

Besi Nzito: Sawa. Lakini maandishi ya bendi kwenye kuta za choo yasipakwe rangi. Hapo sirudi nyuma.

Mpiga Dramu: Yaacheni yote. Mimi nataka komeo, taa na chumba cha kubadilishia nguo.