Chingamu za zailitoli: zinasaidia meno kweli au ni biashara tu?

MlinziWaUsiku:
Wakuu, habari za humu. Natumia vidonge vya presha, na tangu nianze kinywa kinakauka vibaya, hasa nikiwa lindoni usiku. Nilizoea kumumunya pipi ili mate yatoke. Daktari wa meno aliponiziba jino tena akanipiga marufuku pipi, akasema nitafute chingamu zenye zailitoli, ule utamu unaotumika badala ya sukari. Nimezipata, natafuna usiku kucha, mate yanatoka. Shida ni tumbo: linaunguruma, na choo kiko mbali na geti. Halafu mke wangu anasema utamu ni utamu, meno yataoza tu. Nani mkweli?

BintiFizi:
Kaka, pole na lindo. Nasaidia kwenye kliniki ya meno, swali hili naulizwa sana. Shemeji ana haki ya kushuku, ila hapa kakosea. Bakteria anayeongoza kutoboa meno, *Streptococcus mutans*, akila sukari anatoa asidi, na hiyo asidi ndiyo inayolimumunyua jino. Zailitoli anaimeza, anashindwa kuisaga, kisha anatumia nguvu kuitoa nje. Amekula, hajashiba. Wafini waliichunguza kwa kina huko Turku miaka ya 1970.

Tumbo sasa. Utumbo haufyonzi zailitoli yote. Inayobaki huvuta maji, ndiyo unakimbia. Kwa meno, kiwango kinachotajwa ni gramu 5 hadi 10 kwa siku, zikigawanywa mara 3 hadi 5, hasa baada ya kula. Si usiku kucha! Geuza pakiti usome. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi; kama sobitoli (utamu mwingine wa jamii hiyo) imetangulia, zailitoli inaweza kuwa chembe tu, na sobitoli nayo huendesha tumbo.

Mwambie pia daktari wa presha kuhusu huo ukavu. Vidonge usiviache mwenyewe.

Mbishi_Mstaafu:
Msiipambe sana hiyo zailitoli. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta watoto waliotumia dawa ya meno yenye floraidi na zailitoli walipungukiwa kuoza kwa asilimia 13 kuliko wa floraidi pekee, na ushahidi wenyewe ukaitwa hafifu. Kwa chingamu, haukutosha kuamua lolote. Kutafuna kwenyewe kunaleta mate, na mate husafisha asidi. Tafuna, bwana, lakini mswaki na floraidi mara mbili kwa siku palepale.

BintiFizi:
Hapo sikubishii, mzee wangu.

Mama_Simba:
Mlinzi, lindoni kuna mbwa? Zailitoli kwa mbwa ni sumu. Insulini inapanda ghafla, sukari ya damu inaporomoka, ini nalo linaweza kufa. Akila hata chache, mkimbize kwa daktari wa mifugo, msisubiri atapike.

MlinziWaUsiku:
Mbwa yupo, na pakiti huwa naiacha juu ya kiti! Nimeitia mfuko wa shati sasa hivi. Nimeisoma pia: sobitoli ya kwanza, zailitoli ya nne. Kesho natafuta nyingine. Mke wangu nimemsomea, amesema anamuunga mkono Mstaafu.